Mstari Moja Tu, na Nukta za Timau

Kompyuta ya kwanza mimi kugusa maishani niliitwa kuitibu vidole. Nilikuwa fundi wa taipraita hapo Nyeri, na hiyo ufundi nilijifunza kwa kufungua taipraita ya mjomba wangu, kushindwa kuifunga, halafu kuogopa kupigwa. Woga ni mwalimu mzuri sana. Sasa miaka ya themanini ikielekea kuisha, ofisi moja ya utafiti wa mbegu nje ya mji ikanitumia neno: njoo na vyombo vyako, kuna mashine herufi zimeng'oka. Nikabeba bisibisi na mafuta. Kufika, napata ni kompyuta.

"Wewe si fundi?" ofisa akaniuliza.

"Fundi wa taipraita."

"Hii iko na herufi ama haina?"

"Iko nazo."

"Basi tengeneza."

Huyo ofisa ndiye alikuwa mkubwa wa hiyo ofisi. Alikuwa na diploma ya kompyuta, na alihakikisha kila mtu anajua, mpaka mama wa chai. Ilikuwa imetundikwa ukutani pahali ungeiona ukiwa umekaa, umesimama, na hata ukizirai uanguke.

Mashine yenyewe iliachwa na mzungu mmoja wa kujitolea. Alirudi kwao, akaacha kompyuta, kitabu ya lugha ya kuamrisha hiyo kompyuta, na buti moja ya mpira. Moja tu. Mpaka leo sijui alipanda ndege aje. Kwa kibodi alikuwa amebandika vikaratasi juu ya herufi, kila kikaratasi na alama yake: mishale, viduara, vijiti, kitu kama p imeinama kutafuta shilingi. Baridi ya Nyeri na gundi hazipatani. Vikaratasi vilikuwa vimeng'oka vyote.

Nikakata plasta ya kidonda vipande vidogo, nikafungua kitabu, nikaanza kuchora alama moja moja na kalamu ya wino. Sasa mimi si mtu wa kuchora kitu bila kuuliza ni ya nini. Shule niliachia kidato cha pili, si kwa kupenda, lakini kusoma hakuna mtu alinikataza. Nikachora kijiti, nikasoma kazi ya kijiti. Ati ukiweka kijiti na kumi, mashine inakupatia moja mpaka kumi. Nikachora ile p imeinama: hiyo inapanga namba kwa safu na nguzo vile unataka. Kazi ya masaa mawili nikaimaliza kwa siku nne, na ofisa akasema mimi ni mzembe.

Mwenye hakusema hivyo ni mama wa kupiga chapa. Alikuwa wa umri ya kunizaa kama angeanza mapema. Kila asubuhi alitoka Karatina, kila jioni alirudi, huko alikuwa na watoto watatu wa shule na mama yake mgonjwa. Aliketi meza ya karibu na akaniona nikiongea peke yangu.

"Fundi, unapigana na nani?"

"Na hii kitu, mama. Inasomwa kutoka kulia kuja kushoto."

"Kwani imelewa?"

Akasogeza kiti. Hivyo tu ndivyo mambo ilianza.

Nyuma ya kitabu huyo mzungu alikuwa ameandika mafumbo kwa penseli, kama arobaini hivi. Tafuta neno inasomeka sawa kutoka mbele na nyuma. Tafuta namba kubwa kwa kila safu. Na juu ya ukurasa ameandika sheria: mstari moja tu. Si mbili. Fumbo lote, jibu yote, mstari moja.

Wacha nieleze hiyo lugha ili usifikirie tulikuwa wachawi. Kwa lugha zile zingine, kama ile ya ofisa, unaambia mashine: chukua namba ya kwanza, ifanyie hivi, rudi, chukua ya pili, ifanyie hivi, rudi. Kama mtu anazunguka zizi akiamsha ng'ombe moja moja kwa sikio. Kwa hii yetu unasimama kwa mlango ya zizi na unaongea mara moja. Ng'ombe zote zinaamka. Ukisema ongeza moja, namba zote mia zinaongezwa moja. Lakini lazima ujue zizi yako iko na ng'ombe ngapi na zimesimama aje, la sivyo mashine inakutukana kwa Kizungu ati urefu haulingani.

Hapo ndipo mama alinishinda, na sioni aibu kusema. Yeye alikuwa amepiga chapa majedwali miaka kumi na mbili. Mtu wa kupiga jedwali haanzi na namba ya kwanza. Anaanza na umbo: nguzo ngapi, safu ngapi, nafasi ngapi katikati, kabla hajagusa hata herufi. Mimi nilikuwa narukia jibu kama mbwa anarukia lori. Yeye anauliza, "Fundi, hiyo kitu iko na umbo gani?" Na mimi naanza kuhesabu na kidole, maana sijui.

Fumbo lilitutesa zaidi lilikuwa la namba zile hazigawanyiki na zingine. Tafuta zote mpaka mia. Mimi nikaandika takataka mbili za kutosha kujaza skrini. Siku ya tatu, saa ya chakula, mama alikuwa anafunga ndizi yake na daftari ya zamani ya mtoto. Akaangalia kifuniko cha nyuma. Unajua vile daftari za shule huwa na jedwali ya kuzidisha huko nyuma.

"Fundi."

"Ee, mama."

"Namba iko ndani ya hii jedwali, si inagawanyika?"

"Inagawanyika."

"Na ile haiko ndani?"

Nilisimama kiti ikaanguka. Tengeneza jedwali yote ya kuzidisha kuanzia mbili, halafu angalia ni namba gani hazimo. Hizo ndizo! Mashine haitafuti chochote. Inapiga jedwali na kuuliza nani hayuko, kama mwalimu akiita majina. Tukaandika mstari moja, alama hazifiki ishirini, ikatema mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja, moja kwa moja mpaka tisini na saba. Nilipiga kelele mama wa chai akakuja mbio akidhani kuna moto.

Ofisa naye akakuja, pole pole, kama mtu na diploma. Akaangalia skrini.

"Hii ni nini? Kuku imetembea hapa?"

"Ni jibu, bwana."

"Programu ya kweli," akasema, "ina urefu. Mimi hii ningeandika kurasa mbili."

"Hatuna shaka, bwana," mama akasema na heshima yote, na mimi nikaenda nje kucheka.

Taipraita zote za hiyo ofisi zikaanza kuharibika kwa zamu. Sijui ilikuwa bahati gani. Ilibidi nije kila Jumanne na Alhamisi.

Sasa ofisi ilikuwa na shamba ya majaribio kule Timau, kwa zile nchi za ngano. Mbegu aina tisa, kila moja imepandwa vipande vinane, ili ijulikane ni gani inavumilia kutu, ule ugonjwa wa ngano. Msimu ukiisha, nyapara wa hiyo shamba anapima mavuno ya kila kipande na anatuma karatasi: hapa namba ya mbegu, hapa uzito. Mistari sabini na mbili. Mwaka huo ofisa alikuwa bado anaandika kurasa zake mbili, zikawa tano, zikawa nane, na Nairobi wanataka majibu. Akaambia mama, akiangalia dirisha, "Hata hiyo ya kuku, jaribu."

Mama akaingiza namba. Mstari moja ukakusanya uzito wa kila mbegu. Ikatoka hivi: mbegu ya sita imezaa karibu mara mbili ya zingine zote. Mbegu ya saba, sufuri. Hata punje.

Mama akasema, "Hii haijakaa vizuri. Wacha niangalie tena."

Ofisa hakutaka kusikia. Alikuwa amepata muujiza! Alipiga simu Nairobi siku hiyo hiyo, mlango wazi ili sisi wote tufaidike. Ati amegundua ngano itakayolisha nchi. Ati ya saba itupwe, imekufa na kutu. "Uchambuzi wangu," akasema. Wangu.

Siku tano baadaye Nairobi wakapiga. Mkubwa mwenyewe wa utafiti. Kwa kila shamba ingine, mbegu ya saba ndiyo ilikuwa inaongoza. Itakufaje Timau peke yake, na majirani zake wote wazima? Anakuja Ijumaa kuona kwa macho yake.

Ilikuwa Jumanne. Ofisa alitoka kwa simu rangi ya uji. Na uchambuzi wake ukahama hapo hapo ukaenda kuishi kwa mama.

"Ni wewe na hiyo lugha yako ya kuku. Umeniharibia jina. Kama Ijumaa hujaeleza hii makosa, naandika barua ya uhamisho. Lodwar, kule jangwani, wanataka mtu wa kupiga chapa."

Lodwar. Na watoto watatu Karatina, na mgonjwa ambaye halishwi na mtu mwingine. Mama hakulia. Aliweka mikono juu ya taipraita yake, akaiacha hapo.

Mimi nilimwambia ofisa maneno. Sitaandika yote hapa, watu wa kanisa watasoma. Aliniambia nisikanyage hapo tena, nikamwambia nitakanyaga na kurudi nyuma nikanyage mara ya pili. Mama akanishika mkono, "Fundi, toka nje upoe." Tulikuwa tumeangalia ule mstari mara ishirini. Ulikuwa sawa. Kama mstari ni sawa, basi kitu imeharibika kabla ya kufika kwa mstari, huko shambani. Jumatano alfajiri nikapanda lori ya magunia mpaka Nanyuki, nikamalizia Timau juu ya trekta, na njia yote nilikuwa nafanya mazoezi ya matusi ya nyapara.

Nyapara alikuwa mzee wa kwetu, wa upande ya Nyeri, aliyehamia huko na kazi. Koti limeshonwa viwiko, kofia mkononi. Nilianza kufoka kabla ya salamu.

"Mbegu ya saba iko wapi? Umeiuza? Umekula?"

"Atiriri, sikiza, kijana," akasema. "Kwanza shika mkono ya mtu."

Ikabidi nimsalimie. Hasira ikishasalimia watu inapoteza nguvu. Akanipeleka shambani. Mavuno yalikuwa yametoka lakini vibao vya mbao vilikuwa bado vimesimama, namba kwa rangi nyeupe. Nne. Tano. Sita. Sita. Nane. Tisa. Na ile sita ya pili, pembeni yake, nukta.

"Mzee, hii ni nini?"

"Hiyo ni ndugu ya sita."

Nikaelewa, na nilitamani ardhi inimeze na buti. Maana hii si kitu ya Timau, hii ni ya kwetu nyumbani. Mugwanja, saba, kwa wazee ni namba ya kuapiza nayo. Hawaiweki kwa kitu inaishi. Nyanya yangu mwenyewe alikuwa na mbuzi sita na ingine. Sisi watoto tulikuwa tunamcheka. Nimekaa siku nne nikichora alama za mzungu, na alama ya nyanya yangu sikuijua nilipoiona.

"Lakini kwenye makaratasi, mzee?"

"Nimeweka nukta kila pahali. Sijaficha. Kipande kwa kipande, nukta." Akanitazama. "Mbegu ni kitu inaishi, kijana. Watoto watakula hii ngano. Nitaiita hiyo jina namna gani? Na nikuambie, hiyo ndugu ya sita ndiyo ilizaa vizuri kushinda zote. Niliipalilia mwenyewe."

Matusi yangu yote nikarudi nayo Nyeri bila kutumia hata moja.

Alhamisi nilimpata mama peke yake, ofisa ameenda kunyoa kwa sababu ya Ijumaa. Akatoa karatasi kwenye faili. Nukta zilikuwa hapo. Ndogo, nane, za penseli, kila moja kando ya sita. Akazihesabu na kidole.

"Niliziona," akasema. "Nilidhani penseli imedondoka. Nikaziacha."

"Vizuri! Kesho tunamwambia mkubwa, ni nyapara na ushirikina yake."

"Hapana."

"Mama!"

"Ofisa atamfukuza kabla chai haijapoa. Mzee wa miaka hiyo ataenda wapi? Yeye aliandika. Mimi ndiye nilitoa."

"Na Lodwar je?"

"Wewe nyamaza kesho. Kama unanipenda kama mama yako, utanyamaza."

Mimi, kunyamaza. Mtu angeniambia nimbebe mgongoni mpaka Lodwar ingekuwa rahisi.

Ijumaa mkubwa akafika, mtu wa mvi, mpole, miwani imefungwa na uzi. Ofisa alikuwa amenyolewa mpaka kichwa inaangaza. Akaanza hotuba: kwamba yeye alionya tangu mwanzo, kwamba hii lugha si ya watu wazima, kwamba karani alijiingiza kwa mambo ya utaalamu. Mimi nilikuwa kwa kona na bisibisi, nimeuma ulimi. Si mfano. Nilikuwa nimeuma kabisa.

Mkubwa akageukia mama. "Wewe unasemaje?"

"Makosa ni yangu, bwana. Karatasi ziko na nukta kando ya sita zingine. Hizo si sita. Ni mbegu inayofuata. Niliacha nukta wakati wa kuingiza."

"Hata anakubali!" ofisa akasema.

Mkubwa akachukua karatasi. Akaitazama, akaisogeza karibu na miwani, akagusa nukta moja na kidole. Nikamwona ametulia vile mtu hutulia akisikia sauti ya nyumbani. Hakuuliza nukta imetoka wapi.

"Inaweza kurekebishwa?"

"Sasa hivi, bwana."

Na hapo nikaona fumbo lenye jibu fupi kushinda yote tuliwahi kufanya. Mama akaandika orodha ya pili: pahali hakuna nukta, sufuri, pahali kuna nukta, moja. Halafu orodha ya namba, alama ya kujumlisha, orodha ya nukta. Basi! Sita na moja ni saba, na wale wengine wanabaki vile walikuwa. Alama moja, ng'ombe zote kwa wakati moja.

Mashine ikasema urefu haulingani.

Ofisa akacheka kwa pua. Mama hakugeuka. Akauliza mashine orodha iko na vitu vingapi: sabini na moja. Ameruka moja. Akaanza kupitia karatasi na kidole, mimi damu imejaa mdomo. Karatasi ya tatu, chini, pale ilikunjwa. Sufuri moja. Akaiweka. Akabonyeza.

Sita ikashuka ikakaa na wenzake. Saba ikapanda juu ya zote.

Mkubwa akatazama hiyo namba kwa skrini, akafunga karatasi.

"Msimu ujao," akasema, "mbegu zipewe herufi. Si namba."

"Lakini kwa nini, bwana?" ofisa akauliza. "Namba ndiyo sayansi."

"Wewe umezaliwa wapi?"

"Othaya, bwana, hapa hapa Nyeri."

"Basi usiniulize."

Ofisa akakumbuka jambo la mwisho alilobaki nalo. "Na huyu, bwana? Amekubali makosa. Barua ya Lodwar iko tayari."

"Amekosa, ndiyo. Mpe onyo kwa faili. Na wewe uliyenipigia simu na muujiza kabla ya kuhesabu, nikupe nini?"

Ofisa hakutaka kupewa kitu.

Barua ya onyo iliandikwa siku hiyo hiyo. Ofisa alisimama katikati ya chumba, mikono nyuma, akasoma maneno makubwa makubwa: uzembe, kutojali, hatua kali. Na kwa sababu hiyo ofisi ilikuwa na mtu moja tu wa kupiga chapa, mama ndiye alipiga. Nakala tatu, kaboni mbili. Mahali ofisa alikosea sarufi yeye alisahihisha bila kuuliza. Mimi nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mama, hata hii unaipiga vizuri?"

"Itakaa kwa faili na jina langu," akasema. "Unataka ikae vibaya?"

Akaitoa kwa mashine, ofisa akasaini, yeye akasaini kwamba ameipokea, akaiweka kwa faili yake mwenyewe na mkono yake mwenyewe. Ikafika saa kumi na moja. Akafunika taipraita, akavaa koti, akachukua mfuko wa dawa ya mama yake, na akaenda kutafuta gari ya Karatina kama siku ingine yoyote.